Utani Hauna Maana Bila Mtani

Siku hizi vichekesho vimetoka barazani na msibani, vikapanda jukwaani. Kijana husimama peke yake na kipaza sauti, mbele ya watu waliolipa kiingilio, akawataja Wachaga na fedha, Wahaya na majivuno, Wagogo na kuomba, Wahindi na Kiswahili chao, Wamakonde na panya. Kesho yake maneno yale yamo katika simu za watu hata huku Sudi, kwenye ghuba yake kusini ya mji wa Lindi. Wengine hucheka mpaka machozi yakawatoka, wengine hununa. Naye anayenuna huambiwa mara moja: "Mbona huo ni utani tu?" Leo twataka kulipima neno hilo, kwa kuwa utani ni mali yetu, na mali isiyolindwa huibwa.

Utani si maneno ya kuchekesha tu, ni mapatano. Wageni waliuona wakauandika: R. E. Moreau alitoa makala juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941, na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikakusanya habari za utani wa makabila mengi. Lakini wazee wetu hawakungoja kitabu. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Wanyamwezi na Wazaramo walikutana katika njia za misafara iliyoshuka pwani, nao wakawa watani. Yaani palipokuwa na damu, au pasipokuwa na kujuana, watu waliweka kicheko mahali pa mkuki.

Kicheko hicho kilikuwa na masharti yake. La kwanza, mtani hujulikana ni nani. Humtanii kila apitaye njiani. La pili, anayetania hutaniwa, na hakuna mwenye ruhusa ya kukasirika. La tatu, ambalo ndilo kubwa, yule anayekucheka leo ndiye atakayekuja kukuzika kesho. Mtani hushika kazi za msiba, huwachekesha wafiwa, hudai chake, wala hanyimwi. Basi kila neno kali la mtani lina dhamana nyuma yake. Ondoa dhamana hiyo, yatakayobaki ni matusi.

Sisi watu wa pwani ya kusini twapaswa kulijua jambo hili kuliko wengine. Katika karne ya 19 Kilwa ilikuwa bandari kubwa ya kupakia watumwa, na misafara yake ilifika mpaka Ziwa Nyasa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini lugha ya soko lile haikufungwa siku ile. Aliyekaa mjini alijiita mwungwana; aliyetoka bara aliitwa mshenzi. Neno "mshenzi" halikuanza kama kichekesho. Lilikuwa alama ya kuonyesha nani aweza kukamatwa na kuuzwa, na nani hawezi. Leo twalitupa mdomoni kama ganda la korosho, tukasahau lilikotoka.

Baadaye wakaja ndugu zetu Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, wakiikimbia kazi ya shuruti ya Wareno. Wengi walivunja migongo yao katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Mikindani. Walitambulikana kwa chale za usoni, na wanawake wao kwa ndonya ya mdomoni, nao wakafanywa kitu cha kuchekwa. Lakini mwaka 1964, vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza, vilianzia katika nchi ya Wamakonde, huko Cabo Delgado. Watu walioitwa washenzi ndio waliotangulia kuutikisa utawala wa Wareno uliokaa Afrika kwa karne nyingi.

Basi mpaka uko wapi? Sisi twaona kwamba haumo katika neno lenyewe, bali katika mambo mawili: je, anayechekwa aweza kujibu? Na je, kicheko kikiisha, ni nini kinachompata?

Chukueni mzaha mmoja tu juu ya Mmakonde. Ukitolewa hapa Sudi na mtani wake, Mmakonde atarudisha mizaha mitatu, na jioni watakula sahani moja. Upelekeni mzaha huo huo Kwale, nchini Kenya. Huko Wamakonde waliopelekwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa walikaa miaka mingi, wakazaa watoto na wajukuu, bila uraia wala kitambulisho. Haki hiyo waliipata baada ya kuandamana mpaka Nairobi mwezi Oktoba mwaka 2016, na mwaka 2017 wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la nchi ile. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyemcheka Mmakonde wa Kwale kuwa ni mgeni hakuwa akimtania. Alikuwa akikariri hukumu ya ofisi iliyomnyima haki yake. Maneno ni yale yale; mizani ndiyo iliyobadilika.

Na kicheko kikiachwa kiende peke yake, chaweza kufika mbali. Nchini Rwanda redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Vijana waliipenda kwa muziki wake na kwa watangazaji wake wenye mzaha. Katika mizaha hiyo Watutsi walikuwa wakiitwa mende. Kuanzia Aprili mpaka Julai 1994 watu mamia ya maelfu waliuawa, na redio ile ile ikawa inataja majina na mahali walipojificha. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, iliwatia hatiani viongozi wawili wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti la Kangura. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Watu watasema: "Mnataka kutuziba midomo." La, hatutaki. Taifa lisilojicheka ni taifa gonjwa, na polisi si mwamuzi mzuri wa vichekesho. Sheria zipo kwa wachochezi. Kenya ilitunga yake mwaka 2008, baada ya damu iliyomwagika kufuatia uchaguzi. Lakini sheria huja maiti wakiwa wamekwisha kulala chini. Twasema na mchekeshaji mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayeijua kazi yake. Jicheke kwanza wewe na kabila lako. Mcheke mwenye nguvu, kwani yeye hana litakalompungukia. Ukimwiga Mhindi wa dukani, jiulize kama Mhindi aliyeketi mstari wa mbele anacheka pamoja nawe, au anacheka kwa hofu. Mwalimu Nyerere, Oktoba 1961, alisimama Bungeni akakataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya ngozi. Jukwaa nalo lisiurudishe kwa mlango wa nyuma.

Twasema pia na wafanyakazi. Katika gati, kiwandani na ofisini, utani wa wenzi wa kazi hupunguza uzito wa mzigo, na uendelee. Bali msimamizi akigawa kazi ngumu huku akisema kwa kicheko kwamba kabila fulani limeumbwa kwa kubeba, msimcheke naye. Huyo si mtani wenu: hamwezi kumjibu bila kuhofia mkate wenu, wala hatakuja kuwazika. Mwambieni hivyo, tena mmwambie mkiwa pamoja.