Jicho Moja Linapojeruhiwa, kwa Nini la Pili Laweza Kupofuka



Katika machimbo ya dhahabu ya Makongolosi na kwingineko wilayani Chunya, jicho limo hatarini kila siku. Jiwe linapopasuliwa kwa nyundo, kipande chembamba chaweza kuruka na kulitoboa jicho la mchimbaji asiyevaa miwani ya kinga. Wengi hudhani kwamba hasara huishia katika jicho lililoumia, na kwa kawaida ndivyo ilivyo. Lakini mara chache, majuma au miezi kadhaa baadaye, jicho la pili, ambalo halikuguswa na chochote, huanza kuwa jekundu, kuuma, kuogopa mwanga na kuona ukungu. Hapo ndipo minong'ono ya uchawi huanza. Sababu yenyewe imo ndani ya mwili wa mgonjwa.

Kinga ya mwili hutegemea sana chembe nyeupe za damu. Baadhi yake hukomazwa katika tezi iitwayo thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Humo hupimwa, na nyingi kati ya zile zinazoelekea kuushambulia mwili wenyewe huangamizwa. Ni malezi makali kuliko ya seminari yoyote. Hata hivyo mchujo huo si kamili: ziko chembe zinazoponyoka, na miongoni mwake zimo zinazoweza kuziona protini za jicho kuwa adui.

Kwa kawaida chembe hizo hazileti madhara, kwa kuwa jicho limetengwa. Kuta za mishipa ya damu ya retina zimebana mno, na majimaji ya ndani ya jicho huituliza kinga. Mwaka 1948 mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, alieleza jinsi ngozi ngeni iliyopandikizwa ndani ya jicho la sungura ilivyoweza kudumu, ilhali mahali pengine mwilini ingekataliwa. Utengano huo una faida kubwa. Uvimbe ambao kwenye ngozi ungeacha kovu dogo tu, ndani ya jicho ungeondoa uwezo wa kuona.

Jeraha linalopenya huubomoa ukuta huo. Protini zilizokuwa zimefichika hutoka na kufika kwenye matezi ya karibu, na huko chembe zilizolala huamshwa. Zikishaamshwa huongezeka, huingia katika damu na kuyaendea macho yote mawili, maana protini za jicho la kulia ni zilezile za kushoto. Hujikusanya hasa katika uvea, tabaka la jicho lenye mishipa mingi ya damu, na kuziita chembe nyingine. Hapa hakuna kijidudu cha kuuawa. Mlinzi amemgeukia mwenye nyumba.

Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kubuni maandishi ya nukta yanayosomwa na vipofu, alijichoma jicho moja akiwa na umri wa miaka mitatu, akichezea kifaa chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi. Alipofikia miaka mitano alikuwa kipofu wa macho yote mawili. Wengi hudhani kwamba ni ugonjwa huuhuu uliompata.

Jicho lililotobolewa lisisuguliwe, wala lisitiwe maziwa ya mama au maji ya majani. Kilichochoma kisichomolewe. Jicho lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa mboni, kama sehemu ya chini ya kikombe cha karatasi, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Jeraha likishonwa mapema, hatari hupungua. Jicho la pili likianza kuvimba, madaktari hutumia dawa za steroidi kwa kipimo kikubwa, mara nyingi kwa miezi mingi, na dawa nyingine za kuituliza kinga. Dawa hizo zisinunuliwe dukani bila kupimwa, kwani zikitumika pale wekundu unaposababishwa na vijidudu, zaweza kuliangamiza jicho.

Kuna jambo gumu zaidi. Jicho likiwa limeharibika kabisa, bila tumaini la kuona tena, daktari aweza kushauri liondolewe, na kwa desturi hilo hufanywa ndani ya majuma mawili baada ya ajali, kabla kinga haijaamka. Familia nyingi hushtuka, na wengine huuliza kama si dhambi kuutoa mwili kiungo alichokiumba Mungu. Si dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alikwisha kufundisha kwamba kiungo kilichoharibika chaweza kukatwa kwa ajili ya uzima wa mwili wote. Uamuzi ni wa mgonjwa, akiisha kuelezwa vema. Ndugu wasimzuie kwa hofu ya maneno ya watu.

Wengi wa wanaopatwa huona dalili ndani ya mwaka mmoja, lakini wako waliopatwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mwenye jeraha la zamani, hata la ujanani, jicho lake zima likianza kuuma au kuona ukungu, amweleze daktari habari za ajali ile kabla hajaulizwa.