Je, Wajua? Mombasa Kuna Mkate Usio na Ngano

Je, wajua kwamba mkate wa sinia, ambao wengine huuita mkate wa kumimina, hauna ngano hata chembe? Mchele huroweshwa, ukasagwa na tui la nazi, ukatiwa hamira, sukari na iliki, kisha ukaachwa uumuke kabla ya kuokwa. Sukari yake si haba, kwa hiyo chakula cha mchana chenye afya zaidi ni samaki wa kupaka kwa wali, au mbaazi za nazi kwa muhogo, na kachumbari pembeni. Huo muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Walioutoa Brazili wakauleta Afrika ni Wareno, hao hao waliojenga ngome ya Fort Jesus kuanzia 1593. Muhogo uive barabara, maana mbichi una sumu.

Mwenye ugonjwa wa seliaki, ambaye gluteni ya ngano, hata kidogo tu, humuumiza utumbo, asivamie viazi karai vya Mji wa Kale kabla ya kuuliza. Rojo la kuchovyea viazi hivyo wengine hulikoroga kwa unga wa dengu, wengine wa ngano. Aulizie na mafuta: huenda asubuhi yalikaangiwa mahamri ya ngano.