Unauza stadi za silinda hedi? Usipokee hela kabla ya maswali haya manne

Leo naongea na wenzangu tunaouza spea za injini mtandaoni, hasa zile stadi ngumu za silinda hedi. Vijana wa Subaru na Toyota za turbo wanaziulizia kila siku: "Boss, ARP za 2JZ zipo? Bei gani?"

Huu mzigo ni mzuri. Ila ukimpa mteja seti isiyo yake, au akaifunga vibaya, harudi na boksi tu. Anarudi na lawama ya injini nzima, na anaiandika kwenye ukurasa wako kila mtu asome. Kwa hiyo tuijue bidhaa kwanza.

STADI INAFANYA KAZI GANI?

Hedi inakaa juu ya bloku, katikati kuna gasketi. Mafuta yakiwaka ndani ya silinda, presha inataka kuinyanyua hedi. Kinachoizuia ni mbano. Mtu akiongeza presha ya turbo, bolti za kiwandani zinavutika kidogo, hedi inalegea kiduchu, na moto unapita kwenye gasketi. Ndiyo hapo unasikia gari imeunguza gasketi, maji yanapungua, injini inachemsha.

Bolti inakazwa kwa kuizungusha yenyewe, kwa hiyo inavutika na kujinyonga kwa wakati mmoja. Stadi ni tofauti. Inaingizwa kwenye bloku kwa mkono, halafu juu inakazwa nati. Yenyewe inabaki imetulia, inavutwa wima tu. Ndiyo maana mbano wake unakuwa sawasawa zaidi, na nyuzi za bloku hazichakai.

Kuhusu ugumu: bolti iliyoandikwa 10.9 kichwani inahimili mvuto wa takriban MPa 1,000 kabla ya kukatika. Kampuni ya ARP ya Marekani inatengeneza stadi za chuma cha 8740, kama psi 200,000, yaani karibu MPa 1,380. Chuma chao cha ARP2000 kinafika psi 220,000, kama MPa 1,500.

Lakini hapa ndipo wauzaji wengi wanapopitwa: ugumu peke yake haubani kitu. Mbano unatokana na kukaza, na nguvu nyingi ya kukaza inaliwa na msuguano wa nyuzi na nati. Inayobaki kuivuta stadi ni kama asilimia 10 tu. Ukibadilisha kilainishi, umebadilisha mbano, hata kama spana inasoma namba ile ile. Kwa hiyo kale kapakiti ka grisi kwenye boksi siyo zawadi. Ni sehemu ya bidhaa.

MASWALI MANNE NINAYOMUULIZA MTEJA

1. Injini gani hasa? "Subaru" siyo jibu. Namwambia anitumie picha ya namba ya injini, mwaka wa gari, na kama ina kemshafti moja au mbili kila hedi. EJ inatumia stadi 12, sita kila upande. 2JZ inatumia 14. Hata injini za ukoo mmoja zinaweza kutofautiana seti, usikisie.

2. Kwa nini unazitaka? Kama gari imeshachemsha na gasketi imeungua, hedi inaweza kuwa imepinda. Stadi hainyooshi hedi. Namwambia kwanza ipimwe, na ikibidi ichongwe. Na kama ni gari ya kwenda kazini, haina turbo, namwambia ukweli: bolti mpya za kiwandani zinatosha. Angalizo tu, bolti nyingi za aina hiyo zinakazwa kwa kuzungushwa nyuzi kadhaa hadi zivutike, kwa hiyo hazirudiwi. Nakosa mauzo ya leo, ila huyo mteja nabaki naye.

3. Fundi wako ana spana ya toki? Kukaza kwa kukadiria mkono hapa hakuna. Na anasoma kipimo gani? Karatasi ikisema futi-paundi 80, hiyo ni kama Nm 108. Fundi akiweka Nm 80, amekaza kama robo tatu tu ya kinachotakiwa, na gasketi itaungua tena.

4. Injini itashushwa? Hili ni la Subaru. Injini yake imelala, hedi zinaangalia pembeni. Stadi zikiwa ndani, hedi haina nafasi ya kuchomoka kabla haijagonga bodi. Siku ya kufungua, injini lazima itoke. Mteja ajue mapema, asije kusema hukumwambia.

KABLA HUJATUMA MZIGO

Fungua boksi mbele ya kamera. Hesabu stadi, nati na washa, hakikisha karatasi ya kukaza na grisi vipo. Feki zipo sokoni, kwa hiyo nunua kwa msambazaji anayekupa risiti, na bei ikiwa chini mno jiulize kwa nini.

Ukiwa na stadi za chuma cha L19, kuwa makini zaidi. Ni ngumu sana, psi 260,000, lakini unyevu na jasho vinaweza kuzipasua zikiwa tayari kwenye injini. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa tunajua hewa yetu. Zibaki na mafuta yake, usizishike mikono mitupu kwa ajili ya picha.

Mwisho, mtumie fundi ujumbe huu: "Safisha matundu ya bloku, yasibaki na maji wala oili. Ingiza stadi kwa mkono. Paka grisi ya kwenye boksi kwenye nyuzi za nati na chini ya nati. Kaza kwa hatua tatu, ukifuata mpangilio wa injini na namba za kwenye karatasi."

Nakili, weka kwenye majibu yako ya haraka ya WhatsApp. Mimi kila seti inayotoka inaondoka na ujumbe huo, na unabaki kwenye chati kama ushahidi siku ikitokea kesi.

Unamjua mwenzako anayeuza spea? Mtumie hii asome.