Buibui wa Manyoya: Kusoma Kwanza au Kufuga Kwanza?

Katika nchi za Ulaya na Marekani wapo wanaofuga majumbani buibui wakubwa wa manyoya, waitwao tarantula. Jike wa Meksiko mwenye magoti mekundu huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Mzazi anayemnunulia mwanawe huenda akabaki naye hata baada ya mwana kuoa.

Wafugaji hao hubishana: elimu yake hupatikana kwa kusoma au kwa kufuga? Sisi tunaegemea kusoma kwanza, kwani gharama ya kosa hulipwa na kiumbe asiye na kauli. Buibui huyu akikaribia kujivua gamba huacha kula, kisha hulala chali kwa saa kadhaa. Asiyejua humdhani amekufa, akamtupa. Au humwachia nyenje hai sandukuni, nao wakamtafuna mwili ukiwa bado laini.

Uzoefu nao huweza kuhadaa. Yule wa Meksiko ni mpole, hujikinga kwa kupukuta manyoya yawashayo. Aliyemzoea, akimchukua buibui wa kwetu Afrika Mashariki, Pterinochilus murinus, ambaye nao humfuga, atakutana na mwingine kabisa: hana manyoya yawashayo, ana mbio, na huuma upesi kwa maumivu makali.

Hata hivyo, vitabu navyo vimesahihishwa na wafugaji. Miongozo ya zamani iliagiza sponji ndani ya kisahani cha maji. Wafugaji waliona sponji inachafuka na kuzalisha vijidudu, wakaiondoa. Buibui akaendelea kunywa bila taabu.