Mpira wa Mlango wa Kombi: Ufundi na Istilahi Yake

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii inawahusu wamiliki wa magari makuukuu ya kupigia kambi kama inavyowahusu waashi. Mathalani, katika Volkswagen Kombi ya kizazi cha pili, iliyozinduliwa mwaka wa 1967 na kuufanya mlango wa kutelezesha kuwa wa kawaida, ufa huo aghalabu huanzia kwenye ukanda wa mpira unaouzunguka mlango. Makala hii inanuia kueleza jinsi ukanda huo unavyobadilishwa, na papo hapo kudokeza suala la istilahi linaloandamana na kazi yenyewe.

Neno kombi limetokana na neno la Kijerumani Kombinationskraftwagen, yaani gari la matumizi mseto. Kwa hakika, jina hilo linalisadifu gari ambalo hubeba abiria, mizigo, kitanda na hata jiko. Hata hivyo, mfasiri anayekitafutia kifaa hiki jina katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hukabiliwa na mtego. Neno la Kiingereza linalohusika humaanisha pia chapa ya kuidhinishia hati, na hata mnyama wa baharini. Akiandika 'muhuri wa mlango', msomaji atadhani kuna stakabadhi inayosubiri kuidhinishwa. Kwa upande mwingine, fundi wa gereji husema tu 'mpira wa mlango' na akaeleweka. Neno mpira, ambalo tayari hurejelea tufe la kuchezea na bomba la kunyunyizia maji, hapa limepanua maana yake bila kumkanganya yeyote, kwani muktadha hubainisha.

Mpira huharibika kwa sababu ya jua, joto na hewa. Hukauka, hupasuka, na hatimaye hupoteza uwezo wa kurudi katika umbo lake baada ya kubanwa. Maji yakipenya, huloweka mbao za sakafu na kukaa kwenye kizingiti, ambako kutu hula bati kimyakimya. Gharama ya kuunga bati lililooza huipita kwa mbali ile ya mpira mpya.

Kabla ya kununua mpira, ni sharti fundi athibitishe chanzo. Kipande cha karatasi hubanwa mlangoni kisha kikavutwa. Kikitoka bila ukinzani, mpira haugusi mahali hapo. Jaribio hili hurudiwa kuuzunguka mlango mzima. Ikumbukwe kuwa kasoro si ya mpira daima. Magurudumu madogo yanayoubeba mlango relini yakichakaa, mlango huinama na kuacha mwanya. Hali kadhalika, vitundu vya kutolea maji chini ya mlango vikiziba, maji hukusanyika ndani yake. Mpira mpya hauwezi kuponya maradhi hayo.

Baada ya hapo, mpira wa zamani hubanduliwa na mabaki ya gundi kuondolewa kwa spiriti na kitambaa. Kutu hukwanguliwa kwa msasa, kisha bati likapakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa likauke barabara. Mpira mpya hujaribiwa kwanza bila gundi. Pembe hutangulizwa, kwa kuwa zimefinyangwa kwa umbo maalumu, ndipo sehemu zilizonyooka zifuate. Kiungo huwekwa upande wa chini. Kosa linalotendwa na wengi ni kuunyoosha mpira ili utoshe. Mpira ulionyooshwa hujikunyata baadaye na kuacha pengo. Ni heri kuusukumia ndani kidogo kidogo kuliko kuuvuta.

Iwapo gari ni la aina inayohitaji gundi, gundi ya mguso hupakwa pande zote mbili, ikaachwa hadi inate kidogo kidoleni, ndipo mpira ubandikwe. Mlango utakuwa mgumu kufunga siku za mwanzo. Badala ya kuubamiza, kipokezi cha komeo hulegezwa na kusogezwa nje kidogo, kisha hurejeshwa mpira ukishakaa sawa. Mpira hupakwa silikoni au poda usigande. Grisi na mafuta ya injini huepukwa kwa sababu huweza kuufanya uvimbe na kulainika. Mwisho, maji hunyunyizwa kuanzia chini kuelekea juu huku mtu mwingine akichunguza kutoka ndani.

Katika tamati, yafaa kutambuliwa kwamba hatua zote hizi zimeelezeka kwa maneno ya kawaida: msasa, gundi, reli, komeo, kizingiti. Palipokosekana istilahi moja, maelezo mafupi yametosha. Wanaodai kuwa Kiswahili hakimudu ufundi wangetembelea gereji, kwani huko lugha haingoji kamati ikutane ndipo mlango ufungike. Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili ni kuyakusanya maneno hayo kabla wazee wanaoyatumia hawajaondoka nayo. Huo nao ni ufa unaohitaji kuzibwa.