Usitume faili na ufunguo wake kwa njia moja

KUTUMA hatimiliki ya shamba au nakala ya kitambulisho kupitia intaneti ni rahisi. Kuilinda ndiyo kazi.

Tovuti za kubandika maandishi, mathalani Pastebin iliyoanzishwa mwaka wa 2002, hutumiwa sana na waundaji programu kuonyeshana kazi. Kinachobandikwa humo hadharani husomwa na yeyote. Hata kikifutwa, huenda nakala imekwisha kuchukuliwa.

Kwa upande mwingine, hifadhi za mtandaoni kama MEGA, iliyozinduliwa New Zealand mwaka wa 2013, hugeuza faili kuwa msimbo usiosomeka kabla haijatoka kwenye kompyuta yako. Ufunguo wa msimbo huo hukaa mwishoni mwa kiungo, baada ya alama ya #.

Hivyo basi, anayebandika kiungo kizima hadharani ni sawa na aliyefunga kufuli akaacha ufunguo ukining'inia mlangoni.

Iliyo salama ni kuvitenganisha: tuma kiungo kisicho na ufunguo kwa baruapepe, nao ufunguo kwa ujumbe mfupi wa simu. Atakayenasa kimoja hataambulia kitu.