Siri ya mkokoteni iliyomo ndani ya droni

Msomaji, ukisimama kando ya Barabara ya Jogoo asubuhi, mtazame mvuta mkokoteni akipakia magunia ya viazi. Hayarundiki ovyo. Huweka mengine mbele ya magurudumu, mengine nyuma, kisha huinua mikono ya mkokoteni kuonja uzito. Mzigo ukizidi mbele, mabega yataumia. Ukizidi nyuma, mikono itapaa naye abaki akining'inia huku matatu zikimpigia honi.

Mtu anayeunda droni, yaani ile ndege ndogo isiyo na rubani, hukabiliwa na jambo lilo hilo. Ni lazima ajue kitovu cha uzito kiko wapi: pale ambapo chombo kizima kingetulia kikiegemezwa juu ya kidole.

Chukua droni ya kilo 1 yenye rafadha 4, za mbele zikiwa sentimita 40 kutoka za nyuma. Kitovu kikiwa katikati, kila mota hubeba gramu 250. Kikisonga mbele sentimita 4 tu, kila mota ya mbele itabeba gramu 300, na ya nyuma 200. Mota za mbele zitafanya kazi ya ziada, zipate moto na kumaliza betri mapema. Upepo ukivuma ghafla, zitakosa nguvu ya akiba na droni huenda ikapinduka.

Ndege za kampuni ya Zipline, zilizoanza kupeleka damu hospitalini Rwanda mwaka wa 2016, zilibeba mzigo tumboni. Mzigo ulio karibu na kitovu ukidondoshwa, ndege haiyumbi sana.

Je, mwanao anaunda droni? Kwanza azitoe rafadha. Kisha aiegemeze kwa vidole viwili, kimoja kila upande, katikati ya mota za mbele na za nyuma. Ikiinama mbele, asogeze betri nyuma, kisha aifunge imara. Ajaribu pia kulia na kushoto.

Lakini asiirushe bado. Kanuni za mwaka wa 2020 zinataka droni zisajiliwe na Halmashauri ya Usafiri wa Ndege, KCAA, na uwanja wa ndege za kijeshi uko papa hapa Eastleigh. Isitoshe, mitaa yetu imesongamana. Kilo 1 ikianguka kutoka juu ya ghorofa za Umoja, huenda chini kuna mtoto anayecheza kati.

Mvuta mkokoteni huonja mzigo kabla ya kuingia barabarani. Nasi tuonje kabla ya kuruka.